Kuanika Mwanga: Majina ya Fashifashi na ya Kamera Inayozingoja

Mkesha wa Januari 12, Zanzibar ikiingoja siku ya Mapinduzi, baruti huwashwa Maisara na anga la mji huchanua rangi. Kesho yake mtu wa Bara husimulia kwamba alitazama fataki. Mtu wa Unguja aliyesimama naye bega kwa bega husema alikwenda kutazama fashifashi. Moto mmoja, majina mawili, na kila mmoja anadhani la mwenzake ni la mtaani. Mpenda maneno hawezi kulipita jambo kama hili bila kusimama.

Tuanze na fataki. Maana yake ya zamani ni kile kikofia kidogo cha baruti kilichowasha bunduki, kisha kikaratasi cha baruti katika bastola ya mtoto. Jirani yake wa sauti ni neno la Kigujarati fatakda, yaani zile baruti za Diwali, na Wahindi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wameziwasha mbele ya macho yetu kwa vizazi. Litamke polepole: fa-ta-ki. Ni neno la sikio. Linataja mshindo, mwanga haulihusu.

Tena limepata doa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampeni ya redioni nchini Tanzania ilimbatiza jina la Fataki yule mtu mzima anayewarubuni wanafunzi wa kike, na jina likamganda. Andika leo kwamba fulani "amepiga picha ya fataki", na yuko msomaji atakayeuliza kama polisi wameshaitwa.

Fashifashi nalo lina sauti, ila ni sauti ya kitu kinachopanda kisha kikamwagika. Urudufu wake una kazi. Kiswahili hurudufu kinapotaka kuonyesha wingi na mtawanyiko: metameta, chembechembe, madoadoa. Neno lenyewe limekwisha kutawanyika kabla hujainua macho kutazama.

Napendekeza tugawe kazi. Fataki ibaki ile ya chini, inayolia na kufukuza paka vibarazani. Fashifashi iwe ile ya juu, inayotazamwa. Baruti, ambayo Waarabu huiita barud na Waturuki barut, ibaki kuwa unga wenyewe, malighafi ya zote mbili. Mpiga picha anauhitaji mgawanyo huu kuliko yeyote, kwa sababu fataki haipigiki picha: imekwishia sikioni. Fashifashi ndiyo yenye umbo.

Sasa mzinga. Hapa hatuna la kubuni, maana wazee walishamaliza kazi. Mzinga ni gogo lililotobolewa likawa tupu ndani. Nyuki wakiingia, ni mzinga wa asali. Baruti ikiingia, ni mzinga wa vita, au ile mizinga 21 ya heshima. Bomba linalosimikwa ardhini ili kurusha fashifashi ni mzinga kwa kila hali: tupu, wima, na limefumbwa upande mmoja. Anayeliita "bomba la kurushia" ana neno la zamani ndani ya nyumba yake na hajui.

Kinachotoka mzingani kina shida zaidi. Taarifa za habari zimelichukua neno kombora na kulijaza vita. Ukilileta kwenye sherehe, watoto watakimbilia mvunguni. Kitu chenyewe ni tufe la karatasi ngumu, nusu mbili zilizogandishwa pamoja, ndani yake mmejaa punje za kuungua na unga wa kupasulia. Nusu tufe iliyo tupu, Waswahili huiita kifuu. Basi tukiite kifuu: vifuu vya inchi tatu, vifuu vya inchi sita. Neno ni jepesi, umbo ni lile lile, na halimtishi mtu.

Punje zikishika moto huitwa cheche, na hapo hatuna deni. Cheche ikishuka ikiwaka huacha alama mbele ya kamera iliyo wazi, na alama hiyo tuna jina lake zuri: mchirizi. Maji yakitiririka ukutani ni mchirizi, chozi likishuka shavuni ni mchirizi. Wanaosema "mistari ya mwanga" wanataja kitu kilichochorwa kwa rula. Mchirizi una mwendo, una uzito, na unajipinda unapoanza kuanguka. Picha nzima ya fashifashi ni michirizi. Jicho huiona cheche moja baada ya nyingine, kamera huona njia zote kwa pamoja.

Rangi nazo zapaswa kutazamwa. Strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, sodiamu manjano, na shaba hutoa ile ambayo watengenezaji huisumbukia kuliko zote, kwa kuwa moto ukizidi, michanganyiko ya shaba huvunjika na rangi ikafifia. Hiyo tuiiteje? Buluu ni ya shuleni. Samawati imetoka kwenye mbingu, lakini mbingu za mchana, nyepesi na zenye mawingu. Mimi naitaka nili, rangi iliyokolea ya vitambaa vya zamani, ile ile inayotiwa kwenye maji ya kufulia nguo nyeupe. Fashifashi ya nili: sema kwa sauti uone inavyokolea.

Maumbo pia yanataka majina. Wajapani huziita fashifashi hanabi, maua ya moto, na miongoni mwa maumbo yao maarufu limo lile la ua la krisanthemu. Sisi krisanthemu tunaionea wapi? Lile umbo lenye shina nene la dhahabu na makuti yanayoinama pande zote ni mnazi, na hata mafundi wa nchi za baridi huliita kwa jina la jamii ya minazi. Lile linaloning'iniza nyuzi ndefu hadi karibu na maji liwe mvinje. Vitone vyeupe vinavyometameta bila kusogea viwe asumini. Mpiga picha akimwambia mwenzake "ngoja mnazi", wote wawili wajue nini kinakuja.

Tugeukie upande wa kamera, ambako maneno yameingia kwa pupa.

Mwaka 1839, John Herschel aliunganisha maneno ya Kiyunani ya mwanga na kuandika, akaipa fani hii jina lake la kimataifa. Sisi hatukuchukua jina la kitendo. Tulichukua jina la matokeo, picha, kutoka Kiingereza, tukalitafutia kitenzi cha kulibeba. Kitenzi tulichokipata ni kupiga, yule mpagazi wetu asiyechoka: piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga hodi, piga mbizi. Kikiwa kazini namna hii, kupiga hakiumizi mtu.

Kupiga picha ni maneno mazuri, na sitaki yaguswe. Naomba tu tuyasikilize. Kupiga ni tendo la mara moja: umepiga, imekwisha. Harusi inapigwa picha namna hiyo, na goli hali kadhalika. Fashifashi hazikubali. Kamera hufunguliwa kifuu kikiwa bado kinapanda, ikaachwa sekunde mbili, nne, hata nane, kisha ikafungwa michirizi ikishazimika. Hapo hakuna kilichopigwa. Kuna kilichopokewa. Kwa hiyo twahitaji kitenzi cha pili, cha ndani zaidi, na nitakifikia.

Taswira, iliyotoka Kiarabu, imehamia kwa washairi na wahakiki, tuwaachie. Sanamu, nayo ya Kiarabu, iliwahi pwani kumaanisha hata picha ya karatasini, lakini leo imesimama kwenye viwanja vya miji, na mguu wake ni wa saruji. Picha imeshinda, na ushindi wake ni halali.

Lenzi haina budi kubaki, ila ujue unachokula. Kwa Kilatini neno hilo ni jina la dengu, kwa sababu kioo kilichovimba pande mbili kina umbo la punje ya dengu. Waarabu wakafikiri vivyo hivyo: lenzi yao ni adasa, kutoka kwenye ile ile adesi iliyofika jikoni kwetu. Tungeweza kuiita adesi tukawa na haki zote. Lakini lenzi imeshaota mizizi, na kung'oa mti unaozaa si ulinzi wa lugha.

Shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kufungika, ni habari nyingine. Neno hili linatumika studioni, lakini halizai. Sioni anayesema "shatisha" wala "ushatishaji". Jicho la mtu lina kifaa hicho hicho na kina jina: kope. Kope hufumba, kope hufumbua. Na lugha yetu, tangu zamani, inapotaka kupima muda mfupi kuliko wote husema "kufumba na kufumbua". Kasi ya shata imekaa ndani ya msemo wa bibi, ikingoja kuitwa.

Karibu na kope ipo mboni. Ule uwazi ndani ya lenzi unaopanuka na kubana, vitabu huuita kipenyo, tundu au uwazi. Kipenyo ni cha hesabu, tundu ni la panya. Mboni hupanuka gizani na kubana juani bila kufundishwa. Kwa fashifashi huwekwa mboni ndogo, ile inayoandikwa f/8 au f/11, na wanafunzi huchanganyikiwa kuona namba kubwa ikitaja uwazi mdogo. Ukisema "bana mboni" badala ya kusema "ongeza namba", mkanganyo unaondoka na kazi inaendelea.

Sasa kile kitenzi cha pili. Kitendo cha kuuachia mwanga ufike kwenye filamu au kihisi kwa muda fulani, wapo wanaokiita mfichuo. Nimeligeuza neno hili mara nyingi na halikai. Kufichua ni kutoa kilichofichwa: siri, njama, wizi. Fashifashi hazikufichwa, mji mzima unazitazama. Tena fichua ni kitenzi kilichokwisha kutenduliwa, kimetoka kwenye ficha. Ukitaka kukirudisha nyuma inakupasa kusema "kuficha", na hakuna mpiga picha anayeficha kitu anapofunga kope.

Neno ni anika. Mpunga huanikwa, dagaa huanikwa, kanga huanikwa. Kitu kinatandazwa mbele ya mwanga kwa muda unaopimwa, mwanga ukifanye kazi yake, kisha kinaondolewa kabla hakijaharibika. Hii ndiyo kazi ya kihisi, kitendo kwa kitendo. Na anika lina pacha ambaye lugha nyingi zingelipia ili kumpata: anua, kuondoa kilichoanikwa. Ni kauli ile ile ya kutendua inayotupa funika na funua, bandika na bandua. Kifuu kinapanda: anika. Michirizi imezima: anua. Maneno mawili, silabi tatu kila moja, na mafunzo yote ya usiku wa fashifashi yamo humo.

Uzao wake ni mkubwa. Muda wenyewe ni mwaniko: mwaniko mfupi, mwaniko mrefu, mwaniko wa sekunde sita. Picha iliyopata mwanga kupita kiasi imeanikwa mno. Wapiga picha wa enzi ya mkanda walisema imeungua, na tuendelee kusema hivyo, kwa kuwa rangi zote za kifuu zikizidiwa huungua zikawa nyeupe tupu. Iliyopungukiwa na mwanga ni mbichi. Kila mwanakijiji aliyewahi kuanua mahindi kabla ya wakati ataelewa picha mbichi ni picha gani.

Neno hili linafundisha pia jambo ambalo wengi hulikosea. Mchirizi haukai mahali pamoja, hupita. Kurefusha mwaniko hakuufanyi ung'ae zaidi, kwa sababu kila sehemu ya kihisi huguswa na cheche kwa kitambo tu. Mng'ao wa mchirizi huamuliwa na mboni. Urefu wa mwaniko huamua mambo mengine mawili: fashifashi ngapi zitaingia kwenye picha moja, na taa za mji zitaonekana kwa kiasi gani, maana majengo hayasogei na yanaendelea kuanikwa muda wote. Mboni ni ya moto, mwaniko ni wa mji. Ukipewa majina sahihi, somo hujifundisha lenyewe.

Najua pingamizi. Utaniambia kuanika ni kwa jua, na sisi tuko usiku. Nakujibu kwamba neno lilishatoka uani zamani. Magazeti huanika maovu, mashoga huanikana barazani, na hakuna jua linaloulizwa. Utaniambia basi lina doa la umbea kama mfichuo. Ni kweli, lakini mfichuo hauna jingine, na anika lina mpunga. Tena lina anua.

Ukilikubali hilo, balbu inakufa yenyewe. Kwenye kamera nyingi ipo alama ya B, inayoacha kope wazi kwa muda wote ambao kidole kimebonyeza. Herufi hiyo ni kumbukumbu ya kifuko cha mpira kilichominywa zamani ili hewa isukume shata. Mswahili akisikia balbu anaitafuta taa. Kukariri jina la kifaa kilichokwisha kutupwa, kwa neno linalotaja kifaa kingine, ni adhabu. Tuseme mwaniko huru. Unaanika utakapo, unaanua utakapo.

ISO imenishinda kwa heshima. Hiyo ni alama ya shirika la viwango la kimataifa, wala haikukusudiwa kusema chochote kuhusu mwanga. Wengine wamependekeza unyeti, kwa kuwa kihisi ni chepesi kuguswa. Lakini nyeti huwekwa kwenye siri na kwenye sehemu za mwili. Mwalimu atakayesimama darasani na kusema "punguzeni unyeti wenu" atajuta. Wepesi unatosha: wepesi wa 100 kwa fashifashi, wepesi wa 3200 kwa ukumbi wa harusi wenye giza.

Ukiuzidisha wepesi, picha hujaa vidoa vya takataka ambavyo Waingereza wanaviita kelele. Tusiwafuate. Watanzania walishalitatua hilo mbele ya televisheni zenye antena mbovu: picha ina chenga. Chenga ni punje za mchele zilizovunjika. Huu ni ushindi wa mtaa. Hakuna kamati iliyoukalia, na hakuna kamati itakayouboresha.

Kuhusu ile miguu mitatu ya kuwekea kamera, nilitamani mafiga. Mawe matatu, chungu juu, hakuna kuyumba. Lakini mafiga hayakunjwi wala hayapandishwi, na tangu mafiga matatu yageuke lugha ya kampeni za uchaguzi, ya kumpigia rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, kamera ingeonekana ina kadi. Stendi imekwisha kutwaa kazi, ingawa ni jina la kituo cha basi pia. Iachwe. Hakuna anayepanda basi kwa kamera.

Neno la mwisho natoa baharini. Adui wa picha ya fashifashi ni moshi. Vifuu vichache vya mwanzo hupata anga safi. Vinavyofuata hupasuka ndani ya moshi wa vilivyotangulia, na anayesimama unakoelekea upepo huondoka na picha za wingu lenye rangi. Tunasema "simama upande unakotoka upepo", maneno manne kwa kazi ya moja. Nahodha wa jahazi husema joshini. Upande wa pili ni demani. Januari ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, moshi unaelekea kusini-magharibi. Mpiga picha, kaa joshini.

Umeona, mlinzi mwenzangu, jinsi mambo yalivyokwenda. Kila tulipopokea nomino ya kigeni peke yake, shata, balbu, ISO, tulipata neno lisilozaa. Kila tulipotafuta kitenzi kwanza, anika, anua, fumba, bana, chirizika, tulipata ukoo mzima. Kazi ya istilahi huanza kwa kuuliza kitu kinafanya nini. Kinaitwaje kwingine ni swali la baadaye.

Wala usiniambie watu hawapokei maneno mapya. Ngamizi ilishindwa na kompyuta, ni kweli. Lakini katika sensa ya mwaka 2022 makarani wa Tanzania waligawiwa vishikwambi, nchi nzima ikalitamka neno hilo, na leo mwalimu wa kijijini husema kishikwambi bila kucheka. Neno lilishika kwa sababu lilifika mkononi pamoja na kitu chenyewe.

Basi BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, wanaweza kuyapima haya kwa wakati wao, lakini wewe mwenye kamera usingoje mkutano. Mkesha ujao wa fashifashi, umwambie aliye pembeni yako: bana mboni, kaa joshini, ngoja mnazi, anika, anua. Asipokuelewa, hayo maneno ni mabovu na uyatupe. Akikuelewa kabla hujamaliza kueleza, yaandike, uyafundishe, na utuletee mengine bora kuliko haya.